Mama Yangu Hakuwa Mlevi

Karakol, 6 Novemba

Kwako Dada Anarkan,

Salamu. Natumaini wewe na wasichana wa kituo chenu cha hifadhi hamjambo. Mimi mwili haujambo. Kazi ninayo, nakanda na kukata tambi kwenye mkahawa wa sokoni, na mwezi wa tatu naolewa na Ermek, fundi wa matrekta. Au nilikuwa naolewa.

Jumatatu mama yake alikwenda zahanati kupimwa presha. Ukutani akakuta kalenda yenu ya kuombea michango. Mwezi wa Novemba ni mimi, picha ya miaka minne iliyopita, nimekaa juu ya mabomba ya maji ya moto ya mtaani, nilikokuwa nikilala kabla hamjanipokea, uso una masizi. Chini yake umeandika: "Begayim, miaka kumi na sita. Mama yake alimwuza kwa chupa ya vodka."

Mama Ermek alirudi nayo kwapani, akaitandaza mezani. "Huyu ni wewe, au una pacha?"

Dada, mama yangu alikuwa mpeleka barua. Alikufa kwa figo. Pombe hakuijua hata harufu yake. Nilikuhadithia mwenyewe, nawe ukaandika kwenye daftari ukitikisa kichwa kwa huruma. Hayo masizi ulinipaka wewe, kwa kidole chako. Iondoe hiyo picha.

Mdogo wako,
Begayim

Bishkek, 15 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Huku sote wazima, ila mafua tu. Hongera kwa uchumba.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Fomu ya ruhusa ulitia sahihi mwenyewe, ninayo hapa. Kalenda zimeshachapishwa na kusambazwa. Wewe unadhani wafadhili wanalilia figo? Kila mtu ana figo. Mimi nina sentensi mbili tu za kumshika mtu kabla hajatupa bahasha yangu. Kwa sentensi hizo, wasichana kumi na wanne wana makaa mpaka theluji iyeyuke. Nawe uliota moto wa uongo wa msichana aliyekutangulia, wala sikukusikia ukilalamika.

Huyo mama mkwe, kama anamchagulia mwanawe mke kwa kusoma kalenda, mwache aende zake. Watu wa mkoani mna aibu nyingi na shughuli chache.

Tarehe nane Desemba tuna karamu ya wafadhili. Mkurugenzi wetu, Temirlan, anaomba uje useme maneno machache ya shukrani. Nauli yetu. Vaa nguo ya kawaida, isiwe mpya.

Dada yako anayekupenda,
Anarkan

Karakol, 24 Novemba

Dada Anarkan,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama Ermek naye hajambo, ila haniongeleshi.

Fomu nilitia sahihi nikiwa na njaa ya siku mbili, na bakuli la supu liko upande wako wa meza. Uliniambia, "Sahihi kwanza, itapoa kidogo." Kumbe chuo kikuu mnafundishwa hayo! Hongera na wewe.

Kuja nitakuja. Maneno ninayo.

Begayim, binti wa Sabira

Bishkek, 11 Desemba

Begayim,

Natumaini ulifika salama. Mimi sina homa, lakini siwezi kusema ni mzima.

Ulisimama mbele ya wageni na gauni jekundu, jipya, lebo bado inaning'inia. Ukasema, "Mama yangu hakuwa mlevi. Mlevi ni huyu aliyeandika." Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Kisha ukawasimulia Januari ile ulivyobisha hodi kituoni mara mbili ukarudishwa, kwa sababu vitanda vilikuwa vimetandikwa kwa ajili ya mpiga picha nasi hatukutaka shuka zikunjike. Hapo hakucheka mtu. Aliyekurudisha ni mimi. Mpaka ulipoitaja, sikujua kwamba uliitambua sauti yangu nyuma ya mlango.

Nikajiambia, leo tumekwisha. Unajua kilichotokea? Mama mmoja aliyevaa lulu alilia kwa kwikwi. Walipiga makofi wamesimama. Waliahidi kutoa zaidi kuliko mwaka jana. Asubuhi Temirlan akaingia akisugua viganja: "Huyu binti ni dhahabu! Kalenda ya mwakani iitwe Ukweli wa Begayim. Mpelekee fomu."

Miaka minne nimekudharau, wewe na wenzako, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujidharau. Asubuhi ile nilimtazama yule mtu, na tofauti yetu niliyoiona ni tai tu.

Fomu siileti. Siku mbili nimezunguka mjini nikibandua kalenda, na za Karakol nimeagiza zitolewe. Mama Ermek nimemwandikia barua yake, yenye muhuri, nikimweleza nani alidanganya. Na kazi naacha mwisho wa mwezi.

Msamaha sikuombi. Naandika vizuri mno, usingejua kama ni kweli.

Dada yako, kama bado,
Anarkan

Karakol, 22 Desemba

Dada Anarkan,

Salamu. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Barua yako Mama Ermek aliisoma mara mbili. Kisha akanipa kisu nimkatie nyama ya wageni, na kwake yeye hilo ni neno kubwa. Harusi ipo. Wewe usije.

Sijakusamehe. Lakini ati unaacha kazi? Unachafua, halafu unaondoka umenawa mikono, unajiona mtakatifu! Wasichana unamwachia nani? Temirlan, asiyeweza kuandika hata orodha ya sokoni? Ataleta mwingine kama wewe, tena asiye na haya kabisa.

Rudi kwenye meza yako. Aisuluu wa chumba cha juu hapo kituoni amenipigia simu. Paa linavuja juu ya vitanda vitatu, wanalala wawili wawili. Andika hilo. Paa halina mama wa kusingiziwa. Wasipotoa kwa ajili ya paa, waandikie tena, na tena, mpaka wachoke na aibu yao.

Na kabla hujatuma, nitumie mimi kwanza. Nina kalamu nyekundu na sina huruma.

Begayim, binti wa Sabira