Kalia Mikono Yako

Keza mjukuu wangu,

Hapa Kigali, mtaani Gikondo, hatujambo, mimi ni magoti tu yananiuma, na shangazi yako amehamia mtaa wa Batsinda. Jumapili ulinipigia simu kutoka Dar ukilalamika kwamba hao unaowafundisha kuandika programu, kompyuta ikikataa kidogo tu, wanaita, "Mwalimu, imegoma!" Unakwenda, unawarekebishia, kesho wanaita tena. Yewe, sasa unashangaa nini?

Nilipokuwa msichana najifunza cherehani kule Bukoba, uzi ukikatika nilikuwa nikipiga kelele hivyo hivyo. Siku moja Fundi Zaina, aliyekuwa akinifundisha, alikuja, akaketi karibu yangu, akaikalia mikono yake yote miwili. "Kabla haujakatika, ulifanya nini?" Nilimchukia! Nilimweleza kwa hasira, hatua moja moja, mpaka nikaona mwenyewe kwamba sindano nimeifunga kinyume. Sikumwita tena kwa jambo hilo.

Lakini wewe mikono yako haikaliki. Kila ukija Kigali nakuomba unifundishe kutuma ujumbe kwa simu. Unasema, "Lete, Bibi," unaninyang'anya, unatuma, unanirudishia. Ndiyo maana nimekuandikia kwa kalamu, na kwa magoti haya haya naipeleka barua kituo cha mabasi cha Nyabugogo, nimpe dereva wa basi la Dar akuletee.

Bibi yako