Mchumba Wangu Anataka Jarida Letu Lijae Mambo ya Paris

Mpendwa mshauri Marie-Rose, nisaidie, naandika kwa furaha na hasira pamoja. Mimi na mchumba wangu Bertrand tumeanzisha jarida la hadithi hapa Uvira, na toleo la kwanza limenunuliwa lote, lote kabisa! Hata waendesha pikipiki wa Luvungi walisomeana wakisubiri abiria, na wazo nililitoa katika kitabu juu ya majarida ya kwanza ya Amerika, jinsi watu wale walikuwa wameshajitawala lakini bado wanasoma mambo ya London, mpaka wengine wakasema na sisi tuandike yetu, na vijarida vile vikawasaidia kujiona taifa, niliposoma hapo nilipiga kelele peke yangu nyumbani. Sasa toleo la pili linaenda kwa mchapaji Jumamosi, nina hadithi ya Mama Candide, mkulima wa Runingu, juu ya harusi ya dada yake, inachekesha mpaka machozi, lakini Bertrand ameiondoa akaweka kurasa alizonakili kutoka majarida ya Paris, ananiambia, "Weye Délice, iyo iko mambo ya kijiji, nani atasoma? Ata Baamerika balianzaka na kukopiye Baingereza!" Na kitabu kinasema hivyo kweli, na Mama Candide ameshatangaza kanisani kwamba hadithi yake inatoka, na Bertrand nampenda, nifanye nini?

Délice, Kavimvira

Délice, pokea vigelegele kwanza! Toleo zima limeisha, halafu unaniuliza kama watu wanataka mambo yao? Amka, mwanangu.

Bertrand amesoma nusu ya kitabu. Waamerika walinakili, ndiyo, na bado majarida yao mengi yalikufa machanga. Ya Paris msomaji wako anayo kwenye simu. Harusi ya Runingu ataipata wapi? Tena kuchukua maandishi ya watu bila ruhusa ni wizi, mtashitakiwa.

Nawe umenikasirisha. Kumpenda mtu hakukuzuii kumwambia hapana.

Rudisha hadithi ya Mama Candide leo, ukurasa wa kwanza. Kurasa za Paris ziondoe zote. Bertrand anapenda habari za Waamerika? Aziandike mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa maneno yake. Jarida likitoka, nendeni wote wawili Runingu, na Bertrand ndiye amsomee Mama Candide hadithi yake mbele ya majirani. Wote watacheka. Bertrand asipocheka nao, niandikie tena, lakini mara hiyo tutazungumzia uchumba, si jarida.