Udi wa Kihindi Kwenye Koti la Caleb

S.L.P. 41,
Kehancha.
19 Machi 1997

Mpendwa Shangazi Kezia,

Shikamoo. Natumaini joto la Mombasa halikusumbui sana, na miguu yako haivimbi tena kwa kusimama dukani. Mama anaendelea hivyo hivyo. Mimi ni mzima isipokuwa mdomo, umepasuka, kwa hiyo nashukuru kwamba barua haihitaji mdomo.

Zile chupa mbili za mafuta ya udi zilifika salama. Uliniambia nizinuse kwa utulivu, kisha nikuandikie bila kuficha ni upi bora, kwa sababu unaiamini pua yangu. Hakuna mtu mwingine amewahi kuniuliza naonaje. Niliifanya kazi ile kama mtihani.

Ule wa Kambodia unakupokea mlangoni. Ni mtamu tangu mwanzo, kama mapera yaliyoiva yakafungiwa ndani ya sanduku la mbao. Mama aliupenda papo hapo. Ule wa Kihindi, Shangazi, nilipoufungua nilicheka. Zizi kabisa! Mkojo wa ng'ombe, majani yaliyochacha, ngozi mbichi. Lakini ukiuacha mwilini unageuka. Zizi linaondoka, unakuja moshi, halafu kitu kama kile kiti cha babu cha ngozi, halafu utamu wa mbali ambao sina jina lake. Huo ndio nilioupenda. Nakuambia wewe tu.

Sabato iliyopita Caleb alikuwa aende kanisani, kisha ajitambulishe kwa wazazi wa mchumba wake Joyline. Unajua kaka yangu, tangu ng'ombe wa marehemu baba waibwe, hajioni mwanamume kamili. Nilitaka anukie kama mtu wa maana. Alipokuwa akinyoa ndevu nikapaka udi wa Kihindi kwenye kola ya koti lake. Nilidhani kufika kanisani zizi litakuwa limeshaondoka.

Kumbe alfajiri ile ng'ombe wa Mzee Nyamohanga walikuwa wameibwa. Vijana walifuata nyayo mpaka kijito chetu, na hapo mvua ilikuwa imezifuta. Unaijua desturi ya huku: nyayo zikifia kwako, wewe ndiye wa kujibu. Waliingia uani na mapanga, marungu na mishale, Oliver mwana wa Mzee akiwa mbele, na Mzee mwenyewe nyuma yao. Caleb alitoka akifunga vifungo. Oliver alimvuta kola, akanusa.

"Mura, kijana wewe, boma hili halina hata ndama, na wewe unanuka zizi?"

"Ni mafuta tu," Caleb alisema.

Walicheka. "Mafuta ya ng'ombe gani?"

Rungu la kwanza lilivunja mkono. Niliusikia mfupa, Shangazi, kama kuni kavu. Wakamvua koti wakalitupa juu ya ua, wakampiga mpaka meno yake yakabaki matopeni. Panga likachukua nusu ya sikio la kushoto. Mama alimlalia juu, wakamburuta kwa nguo. Mmoja alikuwa tayari anang'oa nyasi za paa la jikoni ili wamchome nazo.

Unanijua mimi. Darasani nikiulizwa jina langu nalijibia dawati. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilikimbilia ndani nikatoka na zile chupa, nikamwaga Kihindi mkono huu, Kambodia mkono ule, nikamwekea Mzee Nyamohanga puani.

"Hata huyu ananuka zizi!" Oliver alipiga kelele, akanipiga mdomoni kwa mpini wa panga.

Nilisema na damu mdomoni: "Mzee, ngoja kidogo. Harufu ya ng'ombe haigeuki. Haya mafuta yatageuka. Yasipogeuka, tuchomeni sote."

Mzee alinikamata kifundo cha mkono. "Ngojeni," akawaambia.

Wakangoja, panga likiwa shingoni mwa Caleb. Niliusugua mkono upate joto. Mzee alinusa, akatema mate. Zizi. Akanusa tena. Bado zizi. Caleb alikuwa anakoroma damu. Oliver akasema tunachezewa hapa. Mzee akanusa tena, safari hii akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza.

"Moshi," alisema. Akanusa mkono wa pili, akarudi kwa wa kwanza. "Leteni lile koti."

Koti lilikuwa limepigwa na jua pale juu ya ua. Alinusa kola, akamtupia Oliver. "Haya, nusa. Ng'ombe wangu wako wapi hapo?"

Oliver alinusa, akaliangusha koti. Walitoka wakimruka Caleb kama gogo.

Sasa amelazwa hospitali Migori. Sikio halitarudi, na vidole viwili havikunjiki. Joyline humpelekea uji. Ng'ombe wa Mzee hawajaonekana, kwa hiyo mbwa akibweka tu, Mama anashika jembe.

Jibu lako ni hili: bora ni wa Kihindi. Wa Kambodia hupendeza mara moja, kisha hauna jipya la kukuambia. Wa Kihindi nimeuosha kwa sabuni na kwa majivu, lakini bado uko kifundoni, hapo kwenye alama za vidole vya Mzee, na nikiwa peke yangu naunusa. Naona aibu kwamba bado naupenda. Ila usiutume tena, Shangazi. Udi huo unataka mtu wa kungoja, na hapa kwetu nilimpata mmoja tu, naye alichelewa.

Nisalimie Baba Mokeira na Mokeira mwenyewe. Caleb anakusalimu kwa mkono mzima. Mungu akufunike, utokapo na uingiapo.

Akupendaye kimya kimya,
Bhoke