Kadi Isiyo na Bahasha

Korogwe, stesheni

Mke wangu Mama Zaina,

Wewe na watoto hamjambo? Ningekuambia mimi sijambo, lakini jana neno kama hilo nusura linikoseshe chakula. Hapa stesheni kuna mama wa Kwashemshi anauza makande. Aliniuliza habari za safari, nikajibu njema. Akanitazama ninavyochechemea, akarudisha upawa chunguni. "Njema gani hiyo, baba? Sema kweli ndipo ule."

Nikasema viatu vinanibana, gari la moshi la Mdachi linanitisha, na nimemkumbuka mke wangu. Watu wakacheka. Yeye akanijazia bakuli, akauliza, "Na mwenyewe anajua?"

Nikainamia makande.

Basi ujue. Yale maji ya moto unayoniwekea kila nikitoka shamba, sijakushukuru hata siku moja. Asante, mke wangu. Mungu akutunze mpaka nifike na chumvi uliyoniagiza.

Najua kadi hii haina bahasha, na mwalimu anakusomea mbele ya majirani. Mwalimu, usikohoe. Pale pa maji, rudi umsomee tena.

Mumeo,
Baba Zaina