Panya wa Darini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kitako mezani, maana nikisimama nitaanza kuzunguka chumba na barua haitaandikika. Goti linaendeleaje? Presha umepima? Na wale kuku wako waliogoma kutaga, wameanza au bado wanakula bure? Sisi huku tupo. Mjukuu wako Kasuku anakusalimu sana. Bado anarudia kila neno analosikia, kwa hiyo siku hizi nachunga ninayosema ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mimi ni mzima, isipokuwa jino, na habari ya jino inakuja.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nimempa mama mdogo akukabidhi mkononi, kwa sababu kila nikikupigia anapokea kaka, anaweka sauti ya juu, kisha anakaa papo hapo kusikiliza. Mara ya mwisho nilipokuuliza habari za nyumbani ulinijibu "nzuri sana" kwa sauti ile unayowawekea wageni. Haya nataka uyasome peke yako. Nenda chumbani, funga mlango, vaa miwani.

Mama, nimekasirika. Naliandika neno hilo nikijua hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Nimekasirika tangu mama mdogo alipokuja na ujumbe wako. Alikunywa chai, akautoa kama ulivyomfungashia: kwamba kaka, tangu aachishwe kazi akahamia kwako, ana mawazo mengi. Anafoka kwa sababu ya mawazo. Chai ikipoa anaimwaga sakafuni na wewe unapiga deki, lakini ni mawazo. Mlango wa jikoni aliupiga teke mpaka bawaba ikang'oka, hayo nayo mawazo. Kwa hiyo ingefaa aje akae kwangu kwa muda abadilishe hewa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye moyo, mimi sikasiriki, mimi hata nikibebeshwa dunia hamtanisikia nikiguna. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaongeza kwamba panya nao wamerudi darini, na kaka analalamika hawamlazi. Hilo la panya sikulitia maanani siku ile.

Mawazo! Kwani sisi wengine tunaishi bila mawazo? Kaka akiwa na mawazo, vikombe vinavunjika. Mimi nikiwa na mawazo, naongezewa kaka.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ikoje, basi leo nakuambia. Nimewekwa kwenye dirisha la malalamiko pale ofisi ya maji. Mwenzangu aliyekaa hapo kabla yangu alimrushia mteja mhuri, akahamishwa. Mkuu wetu akasimama mbele ya wote akanisifu kwamba mimi ndiye pekee nisiyejibu, na sifa hiyo ikanifunga kwenye kile kiti. Mtu bomba lake limekauka, ananitolea macho kana kwamba maji nimeyanywa mimi. Wanagonga kioo kwa funguo. Kuna bibi mmoja aliingiza ndoo tupu kwenye mlango wa pembeni akaitua juu ya karatasi zangu, akaniambia nimjazie hapo hapo. Mimi natabasamu, nasema pole, nasema tunalishughulikia, nameza mate. Meza mate mwanangu, yatapita. Ndivyo ulivyonifundisha, na nilikuwa mwanafunzi hodari.

Watu wa ofisini wakaanza kuugua mmoja mmoja, huyu kichwa, yule vidonda vya tumbo. Badala ya kuongeza mtu dirishani, mkuu akatuletea mtaalamu wa msongo wa mawazo. Bwana mtanashati, viatu vinang'aa. Alitueleza kwamba msongo ukifungiwa mwilini hutafuta pa kutokea: mwingine humtokea tumboni, mwingine mgongoni, mwingine humalizia kwa watoto. Hapo simbishii. Kisha akasema tuvute pumzi ndefu, tutembee jioni, tulale mapema, na tumweleze yaliyo moyoni mtu tunayemwamini. Mama mfagizi akauliza, kama anayekutia msongo ndiye anayekulipa mshahara, hizo pumzi unakwenda kuzivutia wapi. Tukacheka mpaka mkuu naye akacheka kwa lazima. Mwisho tukagawiwa kila mmoja mpira laini wa kubinya. Mpira, mama! Nilitamani kumrushia usoni, nikasema asante. Sasa hivi Kasuku anauchezea ukutani.

Sasa jino. Lilivunjika kazini, tena kwa mkate. Si mfupa wala jiwe, mkate wa chai ulioloweshwa. Nilitema kipande kiganjani nikakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Daktari wa meno niliyempata ni mama wa makamo asiyependa porojo. Aliangalia mdomoni kwa muda, akaniambia nikaze meno, akanibonyeza mataya kwa vidole, nikaruka kwa maumivu. Akaniuliza umri wangu. Nilipomtajia akasema meno haya ni ya bibi kizee, yamelika mpaka yamekuwa bapa. Akaniuliza nani ananikera. Nikasema hakuna. Akasema meno yangu hayasemi hivyo. Akanieleza kwamba nayasaga usingizini. Wapo watu, alisema, wanaobana mambo mchana kutwa, na wakishalala taya zinaendelea na ugomvi ambao wenyewe hawakuugomba. Angenitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala, lakini nisidhani kimemaliza kazi, maana kitayalinda meno tu, kinachonifanya niyasage kitabaki palepale. Kisha akauliza kama ninayelala naye hajawahi kunisikia.

Nilitaka kumjibu kwamba nalala na mtoto tu. Ndipo nikamkumbuka Kasuku. Kwa wiki kadhaa kila akiamka analalamika kwamba panya wamekwaruza tena usiku, na anataka tununue paka. Nimeziba matundu, nimesogeza kabati, nimetega gundi ya panya nikanasa kandambili yangu mwenyewe. Hata kinyesi cha panya sijakiona. Nikiwa kwenye kile kiti, mdomo wazi na pamba shavuni, nikatambua kwamba panya ni mimi.

Daktari akaniuliza swali la mwisho, kama kwetu yupo mwingine mwenye tabia hiyo. Nikatikisa kichwa kwamba hayupo. Nikalipa, nikatoka, nikafika kwenye ngazi za nje. Hapo nikakaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Mama, unawakumbuka panya wa nyumba yetu?

Wewe ulilala na sisi watoto, kitanda chako chini ya lile tundu la dari, na baba alilala peke yake chumba cha pili. Tuliwasikia wote: kra, kra, kra. Asubuhi baba anaamka amenuna. Alikuambia mbele yetu, na mbele ya wapangaji, kwamba nyumba ina panya kwa sababu ina mwanamke mchafu. Ukapanda juu ya meza na ufagio ukafagia dari. Ukatoa magunia yote nje ukayaanika. Ukaweka sumu, ukaweka mtego, ukasugua sakafu kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Naye kadiri alivyozidi kufoka, ndivyo panya walivyozidi. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja.

Na baba akisafiri kikazi, panya nao walisafiri. Unakumbuka? Kaka ndiye aliyeligundua hilo, akasema baba huwa anawabeba kwenye begi lake. Tulicheka mpaka tukalia. Nawe ulicheka, umeziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu magego yalikuwa yameshaanza kumeguka na hukutaka tuone. Ulituambia ni sukari. Baadaye ukatuambia ni uzazi. Mpaka leo unatafunia upande mmoja, nyama unatuachia sisi ukisema huipendi.

Ilikuwa wewe, mama. Ulikuwa unafagia dari kumtafuta panya aliyekuwa mdomoni mwako.

Nimeyakalia haya na damu inanichemka. Nina hasira na baba, na kaburi halimpunguzii kitu. Alikutukana kwa kelele alizozisababisha yeye, kisha akakudai umwombe radhi, nawe ukamwomba. Nina hasira na kaka, aliyeona yote hayo akachagua kujifunza kufoka. Na wewe pia nina hasira nawe, unisamehe, lakini leo simezi. Ulinifundisha kunyamaza ukaniambia ndiyo heshima. Kila uliponisifu kwamba nina moyo, uliniongezea tofali. Wala sikulaumu kama mtu mbaya, maana ulinipa ulichokuwa nacho.

Kwa hiyo jibu la ujumbe wako ni hili: kaka haji kwangu. Si kwa wiki, si kwa kubadilisha hewa. Kukosa kazi kunauma, najua, na nitamsaidia kutafuta. Lakini anayetafuta kazi hapigi mlango teke, na kama ni mawazo yanayomwendesha, akamwone mtaalamu, hata wa mipira. Mimi nina mtoto anayerudia kila anachosikia. Sitaki aje arudie hayo.

Usidhani nayasema kwa karatasi tu. Juzi bwana mmoja alinigongea kioo kwa funguo, nikamwambia asinigongee kioo, aseme shida yake nimsikilize. Nilisema kwa sauti, mstari mzima ukageuka. Yule bwana alishangaa, akaweka funguo mfukoni, akaeleza shida yake vizuri kabisa. Mkuu akaniita akanipa onyo. Nikamwambia onyo nimelipokea, na dirisha lile linahitaji watu wawili wa kupokezana. Hajanijibu bado. Na tangu siku hiyo Kasuku anaamka bila kuwataja panya.

Sasa nisikilize kuhusu kwako. Nyumba hiyo ni yako, uliijenga na baba ukaimalizia peke yako, na kaka ni mgeni humo ingawa ulimzaa. Jumamosi nakuja na mama mdogo, na mjomba amekubali kuja pia. Tutakaa naye sebuleni, tutamwambia afungashe virago, ahamie kwa mjomba mpaka apate shughuli. Hutalazimika kusema neno usilotaka. Ila ukitaka kupiga kelele, piga, tutakuwa upande wako. Halafu mimi na wewe tutarudi wote huku, nikupeleke kwa yule daktari. Kuku tutawaachia jirani.

Kabla hatujafika, nakuomba jambo moja. Usinunue sumu. Usipande juu ya meza na ufagio kwa goti hilo. Kaka akikulalamikia tena kwamba hawamlazi, usimwombe radhi, na usimwambie utafagia. Panya hao waliondoka baba alipokufa na wamerudi kaka alipohamia. Darini hakuna kitu, mama. Hakujawahi kuwa na kitu.

Nisalimie jirani yako wa upande wa kisima, na umwambie mama mdogo asante kwa kubeba ujumbe kwenda na kurudi bila kulalamika, ingawa naye nitamfundisha kulalamika. Kasuku ameingia sasa hivi, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Siku hizi, ukigonga mlango wa chumba chetu, anatoa kichwa na kusema, "Usinigongee kioo, sema shida yako." Anasema nikuandikie kwamba bibi naye ajifunze maneno hayo, ni rahisi, atakufundisha akikuona.

Mimi,
binti yako uliyemdhania hakasiriki