Siku Niliyocheka Mbeya

Jumatatu, 6 Mei 1957. Iringa

Barua kumi na moja kabla ya chai. Taipureta imeanza tena kuruka herufi. Nimeipiga kibao, ikatii. Ukungu haujaondoka kwenye jabali la Gangilonga, vidole vimekufa ganzi. Debora ameniletea koti ofisini na kunisimamia mpaka nikalivaa. Mke wangu ananifanya mtoto mbele ya makarani, nami nakubali.

Barua zote zinasema jambo moja. Umoja wa Nyanda utakutana Mbeya mwezi ujao, kuamua kama tushirikiane na Chama cha Taifa. Mimi ni katibu tangu mwanzo. Sisi si watu wa fujo. Tunataka mabaraza ya machifu yabaki, wazee wasikilizwe, na huo uhuru uje taratibu. Vijana wa mjini wanatuita chama cha mikongojo. Waseme.

Alhamisi, 9 Mei. Kilolo

Mwenyekiti wetu, Mzee Kihwele, amekwisha kuwafukuza wajumbe wawili wa Chama cha Taifa. Mmoja hakupewa hata maji ya kunywa. Leo amekuja wa tatu. Suti, kofia, Kiswahili kilichonyooka cha Dar es Salaam. Tulijipanga uani na nyuso zetu za kukataa.

Hakuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja akakalia kigoda cha Mzee, akavua kofia, akauliza kwa huzuni kubwa kwa nini maiti haijazikwa mpaka saa hizi, imeachwa inatembeatembea tu. Mzee akamtazama. Akamuuliza ni mtoto wa wapi.

"Songea. Joseph Gama. Nimekuja kurithi, nipeni ng'ombe wangu."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe Mngoni! Babu zetu na babu zao waliuana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wabaki kutukanana. Mtani humkasirikii. Ukikasirika, aibu ni yako. Wakashikana hapo hapo: mbwa tunaosingiziwa kula, ng'ombe walioiba wao, nani alimkimbia nani. Ilipofika saa sita Mzee alikuwa amekubali kuzungumza juu ya jambo alilolikataa miaka miwili.

Wale wa Dar es Salaam si wajinga. Wamejua wa kumtuma. Nimefurahi, na sijafurahi.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani. Kisha barua ya Anyosisye kutoka Mbalizi.

Anyosisye ndiye kiongozi wetu wa upande wa Mbeya. Mnyakyusa, mwalimu, mrefu, mwepesi wa kuumia. Sina rafiki mwingine kama yeye wala simtafuti. Anasema Mbeya watakubali ushirikiano kwa sharti moja: kiti cha Mzee Kihwele kisiguswe. Chama cha Taifa kikitaka kumweka mtu wake, Mbeya hawamo. Amepiga mstari chini ya neno "hawamo", karatasi ikatoboka.

Mzee si wa kabila lake. Lakini Anyosisye alipofiwa na baba, Mzee alisafiri siku tatu kwenda kumzika, na masika yale barabara ilikuwa tope tupu. Tangu siku hiyo anamwita baba, na akimwita hivyo hatanii.

Nimekaa na barua mkononi mchana kutwa, namkumbuka yeye na mwaka tulioanza. Watu wawili, baiskeli moja. Mmoja anapanda, mwingine anatembea, tunabadilishana kila tukifika kwenye daraja. Kanuni za Umoja tuliziandika kwenye daftari la hesabu la shule. Tulifika mpaka Idodi, kwenye joto na mbung'o, tukasoma kanuni zetu mbele ya wazee saba na mbuzi. Mkutano ulianza kwa salamu, na salamu zilimaliza asubuhi. Hakuna aliyetazama saa. Hakuna aliyekuwa nayo.

Debora anasema nazeeka. Miaka arobaini na mbili. Labda.

Jumanne, 21 Mei

Gama amekubali kila kitu. Mabaraza yatabaki. Jina letu litabaki. Mzee atabaki mwenyekiti wa nyanda zote, Iringa na Mbeya. Imeandikwa, imetiwa saini. Sikutegemea.

Nimewapelekea Mbeya nakala pamoja na ajenda. Nimeandika: "Atahudhuria Bwana Joseph, mjumbe kutoka Makao Makuu." Safi, fupi. Katibu hatii chumvi.

Ijumaa, 7 Juni. Mbeya

Siku nzima ndani ya basi. Makambako baridi ya kukata masikio. Mzee alilala begani kwangu mpaka Chimala, kofia ikimwanguka kila tuta. Mwaka ule tulipopita hapa na baiskeli tulipewa viazi vya moto na mama mmoja ambaye hakutuuliza hata majina. Nimemtafuta kwa macho dirishani. Upuuzi, lakini nimemtafuta.

Jioni kwa Anyosisye. Ndizi, maziwa ya mgando, kelele. Alimkalisha Mzee karibu na moto na kumvua viatu mwenyewe. Kesho tutamaliza. Nina raha ambayo sijaipata siku nyingi.

Jumamosi, 8 Juni

Imeharibika.

Niandike kama ilivyokuwa. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Mwislamu wa asili ya pwani, alituazima ghala lake. Limefagiwa, mikeka imetandikwa, kahawa ipo. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Iringa kulia, Mbeya kushoto, Mzee mbele kitini.

Gama akasimama. Badala ya kuanza na ajenda akamwona Mzee amekaa pale, utani ukampanda. Akasema, "Huyu bado mnamkalisha kitini? Mimi nimekuja kumzika. Kaburi tayari. Kiti nakichukua leo, na msinililie sana."

Sisi wa Iringa tukaangua kicheko. Mzee naye. Kushoto, kimya. Wale hawakujua kwamba ni Mngoni. Hata wangejua, Wangoni si watani wao. Walisikia mtu wa Makao Makuu akisema mbele za watu neno lile lile walilokuwa wanaliogopa.

Anyosisye akasimama. Alimwambia Gama atoke, kwamba hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke atakayemzika baba yake akiwa hai, yeye akiwa amekaa anatazama. Machozi yanamtoka. Na sisi bado tunacheka. Nilijaribu kunyamaza. Nilijiuma mdomo. Kadiri alivyokasirika ndivyo kicheko kilivyonizidi, kwa sababu kwetu mtu anayemkasirikia mtani ndiye kichekesho chenyewe.

Akageuka amtazame Mzee. Mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kisha akanitazama mimi.

Alichukua kofia yake, akatoka. Mbeya yote ikamfuata. Ilichukua muda mrefu kwa kuwa mlango ni mwembamba, na hakuna aliyemsukuma mwenziwe.

Jumapili, 9 Juni

Katika ile barua sikuandika Gama anatoka wapi. Maneno mawili tu, "Mngoni, mtani", na wangejua. Haikunipitia akilini. Nimeishi na utani tangu utotoni, nikadhani kila mtu anausikia kama ninavyousikia mimi. Miaka yote hii najisifu kwa barua fupi.

Asubuhi tumekwenda Mbalizi. Mke wa Anyosisye, Tumpe, anasema mumewe ameondoka na lori la kwanza kwenda kwao Tukuyu. Gama amejuta mpaka anatia huruma. Alitaka kumfuata. Nikamwambia aliyoyafanya yanatosha.

Jumatatu, 17 Juni. Iringa

Barua ya Mbeya. Imepigwa taipu, ina kichwa cha habari na namba ya kumbukumbu. Tawi la Mbeya limejitoa katika Umoja. Wanaamini kiti kilikwisha kuuzwa huku Iringa, na wao waliitwa waje kutazama tu. Chini, saini ya Anyosisye. Hakuna salamu kwa Debora. Hakuna neno la pembeni kwa kalamu, yeye ambaye hajawahi kuniandikia barua bila kunikosoa tahajia.

Mzee alikuja ofisini. Alisimama mlangoni akakataa kiti.

"Uliwaambia kuwa yule ni Mngoni?"

"Hapana, Mzee."

Nilidhani atanifokea, nikawa tayari, nilitaka anifokee. Akasema, "Yule mtoto alisimama kunitetea, nami nikamcheka." Akaondoka kwa mguu mpaka stendi, hakutaka nimsindikize.

Najichukia.

Alhamisi, 20 Juni

Barua ya tatu kwa Anyosisye. Nimeeleza utani ni nini, kama vile namweleza Mzungu. Nimeisoma, nikaona aibu, nimeituma hivyo hivyo.

Jumatano, 26 Juni

Chama cha Taifa wamejibu kwa posta. Maneno ya adabu. Walikubaliana na Umoja wa nyanda zote. Sasa umebaki nusu, na mapatano yale hayana msingi tena. Anayetaka ajiunge mwenyewe, achukue kadi kama wengine. Kwa kiti cha Mzee, "itafikiriwa baadaye".

Nilimpelekea Mzee Kilolo. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza yote bila kusimamisha mikono. Akasema machifu na mabaraza vitapita, na yeye atapita, hayo alikwisha kuyajua siku nyingi, alitaka tu vipite kwa heshima. Kisha akaniambia, "Chama kiache, Luka. Mfuate mwenzako."

Nimempukuchulia mahindi mpaka gunia likajaa. Alinisimulia baraza la zamani, alipokuwa kijana wa kushika mkeka wa chifu, namna wazee walivyoweza kubishana siku tatu juu ya mpaka wa shamba na kuondoka wameshikana mikono. Alisimulia taratibu, na sikutaka amalize.

Jumamosi, 13 Julai. Mbalizi

Nimefika jioni. Nikapiga hodi. Zamani sikuwa napiga hodi nyumba hii. Nilipitia mlango wa nyuma, Tumpe ananitupia kisu na mkungu wa ndizi, naanza kumenya kabla sijaulizwa habari za safari.

Anyosisye alitoka kunipokea. Shati jeupe, vifungo vyote. Tukasalimiana vizuri sana. Nyumbani, watoto, mvua, mavuno, kanisa. Aliniketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Tumpe akaleta maji ya kunawa akipiga magoti, hakuniinulia macho. Walichinja kuku. Tulikula sisi wawili tu, mezani, na wengine jikoni. Niliwasikia wanacheka kule.

Nilimweleza yote. Kosa la barua, Mngoni, kicheko. Sikujipaka mafuta. Nilimwambia alisimama kama mwanaume, nami nilikaa kama mjinga. Nilimwambia Mzee hajacheka tena tangu siku ile, na hilo ni kweli.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja, yeye mtu wa kumkatiza hata mchungaji.

"Yamekwisha, Bwana Katibu," akasema. "Tulishasamehe. Ndaga, asante kwa kuja."

Miaka yote ananiita Luka, au jina baya zaidi. Nikangoja. Nilidhani atakohoa, atasema kitu juu ya kichwa changu kikubwa, au juu ya barua zangu za kuchosha. Akaniongezea mchuzi. Nilitamani anitukane. Nilitamani sana, nikanywa maji.

Nimetandikiwa kitanda cha wageni. Shuka zina harufu ya sanduku. Sikujua hata kama wana shuka hizi.

Jumapili, 14 Julai

Alinisindikiza mpaka barabarani. Alibeba mkoba wangu, akakataa nimsaidie. Tulizungumza juu ya bei ya kahawa. Basi lilipofika alimwomba dereva anipatie nafasi ya mbele, akamwambia huyu ni mtu mkubwa wa Iringa. Hakuwa anatania.

Nikakaa. Nikamtazama dirishani. Alikuwa amesimama kando ya barabara, amevua kofia, wima, mpaka basi likaondoka. Zamani alikuwa ananiwekea mkoba chini na kugeuka kwenda zake kabla hata sijapanda.