Komeo la Udongo

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati. U hali gani? Shemeji naye, mgongo umeacha kumsumbua? Na Kijino wetu, lile pengo la mbele limeziba, au bado anarusha mate akitaja jina langu? Mimi ni mzima, ila barua yako ya Jumanne ilinimaliza nguvu. Niliposoma kwamba shule zikifunguliwa mnampeleka Kijino akaishi kwa shangazi yetu, nilikuwa nimesimama. Nilijikuta sakafuni, wala sijui niliketi vipi.

Nivumilie, nianzie mbali kidogo. Mwaka huu mikono yangu ilinigeuka. Mlango ukibamizwa tu pale kazini, moyo unanienda mbio na sindano inaniingia kidoleni. Nilitia damu kola tatu za mteja mmoja. Fundi mkuu alinitania kwamba sasa nimeanza kujishona mwenyewe, kisha akanipeleka kwa daktari. Daktari akasema sina ugonjwa wa moyo, ila mwili wangu umezoea kukaa chonjo tangu zamani, na akanielekeza kwa mwalimu wa udongo. Nilicheka. Mtu mzima na mvi zangu nikafinyange vyungu!

Ni chumba kidogo nyuma ya zahanati, chenye meza ndefu, ndoo za maji na aproni zilizokakamaa. Mwalimu ni mama mnene asiye na haraka. Hakuniuliza habari zangu. Aliniambia nivue viatu, nikanyage sakafu vizuri, nifumbe macho, niminye bonge la udongo huku nikitoa pumzi polepole. Wiki za kwanza nilitoa mabonge matupu, naye akayasifu bila aibu. Lakini mabega yalishuka, mdogo wangu, na nikaanza kupata usingizi.

Alhamisi, siku mbili baada ya barua yako, nilifumba macho nikafinyanga kama kawaida. Nilipofumbua, mbele yangu palikuwa na komeo. Lile lile la mlango wa stoo ya shangazi, na ufa wake wa pembeni, na msumari wake uliopinda! Nilisikia harufu ya mafuta ya taa mahali ambapo hapakuwa na taa. Mwalimu alivitumbukiza viganja vyangu kwenye maji ya uvuguvugu, akaniambia nimtajie vitu vitano ninavyoviona chumbani, tukahesabu pumzi pamoja hadi nikatulia. Baadaye akauliza komeo hilo lilikuwa likifungia nini. Nikamjibu kwamba lilinifungia mimi.

Unakumbuka mama alipokwenda kufanya kazi mbali akatuacha kwa shangazi, tulivyokuwa tukicheza kujificha? Ulikuwa ukija kugonga mlango wa stoo huku unacheka, unasema umeshaniona, nitoke. Mimi najibu kwamba bado najificha, nenda ukahesabu tena. Hatukuwa tukicheza. Shangazi alikuwa amenichapa na kunifungia, pengine tangu asubuhi hadi jioni, na komeo lilikuwa juu, usingelifikia. Kikombe ulichovunja wewe, nilisema nimevunja mimi. Kitanda ulichokojolea, nilisema ni mimi. Ndiyo maana wewe unamjua shangazi wa peremende tu. Sikusahau hata siku moja. Nilinyamaza, mama akafa hajui, na kwa ukimya wangu wewe ukamwamini. Nisamehe.

Usimpeleke Kijino, nakusihi. Kama shida ni shule, mlete kwangu, nitahamisha cherehani sebuleni apate chumba. Nawaza kitu kimoja tu tangu Alhamisi: Kijino hana dada. Akivunja kikombe kule, hakuna wa kusema ni mimi.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto palepale penye pengo. Nijibu upesi, hata kwa neno moja, nami nitalisubiri nikiwa na udongo mkononi.

Wako, dada yako Sindano.

Ulisema kweli siku zile, mdogo wangu. Umeshaniona. Natoka.